Nukta Isipotee: Uteuzi wa Maktaba ya Kuchakata Picha kwa Tovuti ya Hati za Kale za Kiswahili



1. Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Katika semina moja ya fasihi ya kale niliwagawia wanafunzi wangu picha ya ukurasa wa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Picha hiyo niliipunguza mwenyewe ili iweze kutumwa kwa simu. Mwanafunzi mmoja alilisoma neno la mwisho la mshororo kuwa ni "nia". Mwenzake akalisoma "tia". Kila mmoja alikuwa na hoja nzito, na semina nzima iligawanyika. Tulijadiliana kwa muda wa saa moja kuhusu dhamira ya mtunzi, falsafa yake na mazingira yake. Jioni nilipofungua picha ya awali niliona juu ya herufi ile nukta mbili zilizo wazi kabisa: neno ni "tia". Katika picha niliyoigawa, nukta hizo mbili zilikuwa zimeungana na kuwa doa moja. Utenzi haukuwa na utata wowote. Utata niliutia mimi.

Kosa hilo ndilo lililonifikisha kwenye mada ya leo. Yamkini baadhi yenu mnashangaa kuona mhadhara wa taaluma ya Kiswahili ukizungumzia programu za kompyuta. Hoja yangu kuu ni hii: anayeteua maktaba ya kuchakata picha kwa ajili ya tovuti ya hati za kale anafanya kazi ya uhakiki wa matini, awe anajua hivyo au hajui. Kwa mantiki hiyo, uteuzi huo haufai kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake.

Ili mjadala wetu uwe na mahali pa kusimama, nitatumia msomaji mmoja kama kipimo. Tumfikirie mwalimu wa Kiswahili anayeishi Shishiyu, kata iliyomo katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu yako Bariadi. Huko ni Usukumani, nchi ya pamba na mifugo, mbali na Lamu, Pate, Mombasa na Unguja ambako hati zetu nyingi ziliandikwa. Mwalimu huyu anawafundisha vijana kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kuenea, lakini yeye mwenyewe hajapata kuushika ukurasa wa aina hiyo. Hana nauli ya kwenda London wala Hamburg. Ana simu na kifurushi cha megabaiti mia chache. Swali letu ni moja: je, atakachokiona kwenye kioo cha simu yake ni hati, au ni kivuli cha hati?

2. Neno "maktaba"

Sisi wanaisimu tumezoea kuanza na neno. Shina la Kiarabu lililotupa kitabu na katibu ndilo lililotupa pia maktaba. Wanaprogramu wanapotumia neno hili humaanisha mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuziandika upya. Anayejenga tovuti haandiki mwenyewe kanuni za kupunguza picha, kuizungusha au kuibana. Anaziazima kutoka katika maktaba.

Istilahi hiyo inafaa, ila kuna jambo moja ambalo yaweza kutuficha. Kitabu cha maktaba ukikiazima hukisoma, ukakirudisha kikiwa vilevile. Maktaba ya kuchakata picha haiko hivyo. Unaikabidhi picha, nayo inakurudishia picha nyingine. Kwa hiyo inafanana zaidi na fundi cherehani: unampa kitambaa, anakupa vazi, na kilichokatwa hakirudi. Hatuna sababu ya kuliacha neno maktaba, maana limekwisha kuzoeleka. Lakini kila tulitumiapo leo, tumkumbuke fundi na mkasi wake.

3. Nukta katika maandishi ya Kiswahili

Katika herufi za Kiarabu nukta ni sehemu ya herufi. Umbo moja la msingi huwa b likiwa na nukta moja chini, t likiwa na nukta mbili juu, na n likiwa na nukta moja juu. Ndiyo maana "nia" na "tia" hutofautiana kwa nukta moja tu. Vivyo hivyo, "jadi" ikipoteza nukta yake husomeka "hadi", na "kuza" ikipoteza nukta yake husomeka "kura". Juu ya hizo kuna alama za irabu, yaani vistari vidogo vinavyoandikwa juu na chini ya herufi, ambavyo mara nyingi ni vyembamba kuliko nukta zenyewe.

Aidha, waandishi wa zamani walikuwa na utata wao wenyewe. Alfabeti ya Kiarabu haina p, ch, v wala g ya Kiswahili; kwa hiyo waandishi wengi waliandika b mahali pa p na f mahali pa v, wakamwachia msomaji aelewe kutokana na muktadha. Wengine waliongeza nukta na alama. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa akishirikiana na William Taylor alitumia alama za ziada ili sauti za Kiswahili zionekane wazi. Karne moja baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo yao kuhusu mfumo wa kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi hizo.

Mhakiki anapaswa kujua ni mwandishi yupi aliweka nukta tatu na ni yupi aliweka moja, kwa kuwa tofauti hiyo humweleza habari za mwandishi, mahali na wakati. Utata wa mwandishi ni data. Utata wa mashine ni kosa. Tukivichanganya viwili hivyo, hatutaweza kuvitenganisha tena.

Wahenga wa taaluma hii waliliona jambo hilo mapema. C. G. Büttner alipochapisha maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu mwaka 1892, hakutosheka na unukuzi na tafsiri. Aliambatisha pia picha za hati zenyewe, ili msomaji aweze kumkosoa. Orodha ya hati na kanda za Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ikachapishwa mwaka 1970, pamoja na mradi wa kuorodhesha hati za Kiswahili uliofanywa SOAS, London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimetuonyesha wingi wa hazina iliyopo. Kazi iliyobaki ni kuifikisha kwa wasomaji bila kuijeruhi njiani.

4. Hesabu ya nukta moja

Tuingie katika hesabu, kwa kuwa hapa ndipo hasara inapotokea. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa skani kwa pikseli 300 kwa inchi hutoa picha yenye upana wa pikseli 2480 na urefu wa pikseli 3508, yaani jumla ya pikseli milioni 8.7. Bila kubanwa, picha hiyo ni takriban megabaiti 26. Katika picha hiyo milimita moja ya karatasi ni karibu pikseli 12. Nukta yenye upana wa nusu milimita ina pikseli sita kwa sita, nayo inaonekana vizuri.

Sasa tuipunguze picha hiyo hadi upana wa pikseli 800, kipimo kinachotumika sana katika tovuti. Milimita moja sasa ni pikseli 3.8. Nukta yetu imebaki na pikseli mbili tu. Na nafasi ya moja ya tano ya milimita iliyotenganisha nukta mbili imekuwa chini ya pikseli moja. Hapo ndipo "tia" yangu ilipogeuka kuwa "nia".

Namna ya kupunguza nayo ina uzito wake. Njia rahisi kuliko zote huchukua pikseli moja na kuziacha za jirani. Kwa njia hiyo alama nyembamba ya irabu yaweza kutoweka yote. Njia ya wastani huzichanganya pikseli za jirani; alama hubaki, ila hufifia. Njia zenye kanuni ngumu zaidi, kama ile inayoitwa Lanczos, huhifadhi ukali wa kingo lakini zaweza kuacha mng'ao hafifu kandokando ya wino. Maktaba karibu zote zinazo njia hizi. Zinatofautiana katika ile zinayoitumia pale ambapo hujaziagiza.

Baada ya kupunguza hufuata kubana. Muundo wa JPEG, uliosanifishwa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa maelezo ambayo jicho haliyahisi sana katika picha za sura na mandhari. Isitoshe, kwa kawaida huhifadhi habari za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Kwa picha ya harusi hilo halina madhara. Kwa hati ambayo mwandishi alitumia wino mwekundu kutenganisha vipande vya ubeti, wekundu huo huvuja nje ya mipaka yake na alama ndogo hupauka.

5. Maktaba zilizopo

Maktaba zinazotajwa sana ni tano, na zote ni za bure.

Ya kwanza ni GD, iliyoanzishwa na Thomas Boutell mwaka 1994. Huambatana na lugha ya PHP, hivyo hupatikana katika seva nyingi za bei nafuu. Inafaa kwa kazi ndogo. Hata hivyo, ina amri mbili za kupunguza picha zenye majina yanayokaribiana sana: moja huruka pikseli, nyingine huzichanganya. Mwanaprogramu mwenye haraka aweza kuchukua ile ya kwanza bila kujua kwamba ameziondoa irabu.

Ya pili ni ImageMagick, iliyotolewa kwa umma mwaka 1990. Hufungua miundo mingi mno ya picha na kuhifadhi rangi kwa usahihi mkubwa. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta: ukurasa wetu mmoja waweza kuhitaji megabaiti 70 au zaidi. Aidha, mwaka 2016 iligundulika kwamba faili la picha lililotungwa kwa hila liliweza kuifanya seva itekeleze amri za mhalifu. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini imetufundisha kwamba tovuti inayopokea picha kutoka kwa umma iruhusu miundo michache tu inayoihitaji.

Ya tatu ni Pillow, ya lugha ya Python. Ilizaliwa mwaka 2010 baada ya maktaba iliyoitangulia, PIL ya Fredrik Lundh, kuacha kupata matoleo mapya. Ni rahisi kujifunza na yafaa sana kwa wanafunzi wetu. Historia yake pia ni onyo: maktaba yaweza kufa ikiwa haina wa kuitunza, kwa hiyo tuulize daima ni nani anayeitunza na toleo la mwisho lilitoka lini.

Ya nne ni libvips. Chimbuko lake ni mradi wa Ulaya wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliohusisha Jumba la Taifa la Sanaa la London, wa kupiga picha michoro ya kale kwa usahihi mkubwa. Haipakii picha nzima kwa pamoja. Huipitisha vipande kwa vipande, hivyo hutumia kumbukumbu kidogo na hufanya kazi kwa kasi. Vilevile inaweza kuukata ukurasa katika vigae, jambo nitakalolirudia hivi punde.

Ya tano ni OpenCV, iliyoanzia katika kampuni ya Intel mwaka 1999. Kusudi lake ni kuiwezesha mashine kutambua vitu katika picha. Kuitayarisha picha ili mtu aisome si kazi yake kuu.

Ni vyema kutambua kwamba mara nyingine uteuzi umekwisha kufanywa kabla hujafika. GD, Pillow na libvips, zisipoagizwa vinginevyo, huhifadhi JPEG kwa kiwango cha 75 katika kipimo cha 100. Mfumo wa WordPress, tangu mwaka 2019, kwa kawaida huipunguza picha ambayo upande wake mmoja unazidi pikseli 2560, na hiyo iliyopunguzwa ndiyo anayopewa msomaji. Ukurasa wetu wa pikseli 3508 utapunguzwa kimyakimya. Hakuna aliyekosea, ila pia hakuna aliyeulizwa.

6. Kichujio kinachoiona nukta kuwa uchafu

Hatari kubwa zaidi hutokea tunapotaka kuisafisha hati. Karatasi za pwani zimepata unyevu, mchwa na moshi, na mtu hutamani kuondoa madoa ili maandishi yang'ae. Maktaba zote nilizozitaja, isipokuwa zile nyepesi, zina kichujio kinachotafuta vidoadoa vilivyojitenga na kuvifuta kwa kuvilinganisha na pikseli zinazovizunguka. Sasa tujiulize: katika ukurasa wa herufi za Kiarabu, ni kitu gani kidogo, cheusi, kilichojitenga na kuzungukwa na weupe? Ni nukta.

Mashine haina ubaya nasi. Imeagizwa kufuta vidoa, nayo inafuta. Ukurasa unaotoka unapendeza kuliko wa awali, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa msomaji huamini zaidi kinachopendeza. Hali kadhalika, njia ya kuigawa picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kizingiti kimoja cha ukurasa mzima, kama ile iliyopendekezwa na Otsu mwaka 1979, hulimeza neno lililo ndani ya doa la maji. Njia ya Sauvola na Pietikäinen ya mwaka 2000, ambayo huweka kizingiti kwa kila eneo, ni afadhali zaidi. Lakini hata hiyo itumike katika nakala ya utafiti tu, na msomaji aelezwe wazi kwamba anachokitazama kimesafishwa.

7. Kurudi Shishiyu

Turudi kwa mwalimu wetu. Kuna wanaosema kwamba msomaji mwenye mtandao dhaifu apewe picha ndogo, na mtafiti wa chuo kikuu apewe picha kubwa. Hoja hiyo inaonekana ya huruma, lakini matokeo yake ni kwamba wa mjini atasoma "tia" na wa Shishiyu atasoma "nia", kisha tumlaumu wa Shishiyu kwa kutojua kusoma.

Hapo ndipo vigae vinapotusaidia. Ukurasa wetu ukikatwa katika vigae vya pikseli 256 kwa 256 hutoa vigae 140: kumi kwa upana na kumi na vinne kwa urefu. Simu yenye kioo cha pikseli 720 kwa 1440 haihitaji zaidi ya vigae 28 kwa wakati mmoja, yaani moja ya tano ya ukurasa. Mwalimu ataona kwanza ukurasa mzima kwa udogo, kisha atakuza ubeti anaoutaka na kupokea pikseli za ubeti huo tu, zikiwa kamili. Kifurushi chake hakitaisha, na nukta haitapotea. Uwezo huo wa maktaba, kwa maoni yangu, una uzito kuliko sifa nyingine zote.

Wala Shishiyu isichukuliwe kuwa ni mahali pa kupokea tu. Usukumani kuna vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno, na nyimbo zake ni fasihi inayostahili kuhifadhiwa. Kisukuma kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Anayetaka kuzitofautisha zote saba katika maandishi huhitaji alama ya ziada kwenye herufi. Iwapo kesho mwanafunzi atapiga picha daftari la nyimbo la babu yake kwa simu, alama hizo ndogo za penseli zitakabiliwa na hatari ileile iliyozikabili nukta za Pate. Zaidi ya hayo, picha za simu hubeba ndani yake maelezo ya upande upi ni juu. Maktaba ikiyafuta maelezo hayo kabla ya kuizungusha picha, ukurasa utalala ubavu.

8. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne. Kwanza, picha ya awali ihifadhiwe bila kuguswa, katika muundo usiopoteza kitu kama TIFF. Kila kinachowekwa kwenye tovuti kiwe nakala. Pili, kwa tovuti ya hati, libvips iwe chaguo la kwanza kwa ajili ya vigae na nakala ndogo. ImageMagick isaidie kubadili miundo migeni, ikiwekewa mipaka. Pillow itumike kufundishia na kufanyia majaribio. Tatu, kiwango cha kubana kiandikwe wazi katika programu, kisiachwe kama kilivyokuja, na kisishuke chini ya 90 kwa kurasa zenye wino wa rangi. Nne, kabla ya kuteua maktaba yoyote, pafanyike jaribio la nukta.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua kurasa chache zenye maneno yanayotofautiana kwa nukta moja, kama "nia" na "tia", "jadi" na "hadi", "kura" na "kuza". Zipitishe katika kila maktaba. Kisha mpe matokeo msomaji hodari wa herufi hizo ambaye hajapata kuiona hati ya awali, ayasome kwenye simu ya kawaida, si kwenye kompyuta ya maabara. Linganisha usomaji wake na hati. Maktaba itakayomfanya akosee haifai, hata ikiwa ndiyo yenye kasi kuliko zote.

Jaribio hilo fundi wa kompyuta hawezi kulifanya peke yake, kwa kuwa hajui nukta ipi ilipaswa kuwapo. Msomi wa Kiswahili naye hawezi peke yake, kwa kuwa hajui ni amri ipi iliyoifuta. Nawaomba wanafunzi mlio hapa mjifunze lugha ya pande zote mbili. Sikuwa nayo siku ile ya semina, nikawafanya vijana wawili wenye akili wabishane juu ya doa.